Vito Kumi na Saba

Kiingilio elfu mbili, viwanja vya Tangamano,
na askari wa mlangoni akaniuliza nina nini mfukoni.
Lenzi, nikamwambia. Mimi fundi saa, Barabara ya Kumi.
Miaka thelathini na minne jicho langu la kulia
halijatazama kitu kikubwa kuliko punje ya mtama.

Ndani, mahema, feni, mahameli nyeusi,
na mawe yamelazwa kama wagonjwa wa daraja la kwanza:
yakuti samawi, zabarijadi,
ulanga uliochanuka kurasa kurasa
kama daftari la deni lililonyeshewa.
USIGUSE, kila meza. USIGUSE.
Watoto wa shule wakagusa kwa macho hadi wakafukuzwa.

Kijana mwenye glavu nyeupe akanitolea kimoja,
rangi ya damu ya mzee, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho.
"Bei yake, mzee wangu, ni nyumba yako na ya jirani."
Nikavaa lenzi. Humo ndani
nyuzi za dhahabu, zimekatikakatika,
na kiputo kimoja, kama pumzi ya mtu aliyeshtuka.
Kina kasoro, nikasema.
Akacheka. "Kasoro ndiyo hati yake. Kisicho nayo ni chupa."
Kimetoka wapi?
Akaelekeza kwa kidevu, kaskazini,
kama anayeelekeza choo.

*

Jumapili tukaenda, mimi na Semkiwa, mwanafunzi wangu,
nyuma ya pikapu ya mtu wa mkaa.
Katani, katani, katani, mistari iliyonyooka hadi inachosha;
Maramba, chai na maandazi ya jana;
Daluni; kisha barabara ikasahau kuwa ni barabara.

Nyika ya Umba haina salamu ndefu.
Migunga imekunja ngumi.
Vumbi jekundu likaingia hadi ndani ya saa yangu,
mimi ninayewagombeza wateja kwa vumbi.
Digidigi mmoja akatutazama
kama karani anayefunga dirisha, akaondoka.

Mama Shekalaghe tulimkuta ukingoni mwa shimo
akichekecha changarawe kwa maji ya kununua,
yaleyale, ndoo kwa ndoo, hadi yamekuwa uji.
Hakuuliza tumetoka wapi. Aliuliza kama tuna maji.
Tukampa dumu. Ndipo akaongea.
Akatuonyesha kichuguu: "Hawa mchwa hawana leseni,
lakini kuna asubuhi wananiwekea punje mlangoni."
Mume wangu, akasema, yumo shimo la tatu.
Nikasubiri atoke nimsalimie.
Nikasubiri,
hadi Semkiwa akanikanyaga mguu.

Tulipoaga alinitilia kitu kiganjani.
Punje ya kijani, kijani cha chupa ya soda.
Nami, Mungu anisamehe,
nilishukuru kwa nusu mdomo.

*

Usiku, kibandani, nikawasha taa ya mezani
na punje ikawa nyekundu.
Nikazima. Nikawasha. Nyekundu.
Semkiwa akasema, "Fundi, imeona aibu."
Sikujua ni nani kati yetu anayemsema.

Nikafungua saa ya marehemu baba,
ile aliyoivaa akihesabu marobota bandarini.
*Vito kumi na saba*, imechorwa mgongoni:
rubi za kiwandani, chembe za sukari,
zimebeba magurudumu tangu sijazaliwa
na hakuna aliyezitandikia mahameli.
"Ni za kweli?"
Zinafanya kazi, nikasema.
Yaani kumi na sita. Moja ilipasuka, nikapachika shaba;
ndiyo maana saa hiyo huchelewa dakika nne kwa siku.

Punje ya Umba nikaijaribu pale. Haiingii, ni kubwa mno.
Nimeiacha kando ya bisibisi.
Mchana kijani, usiku damu.
Jana mteja kaulizia bei.
Nikamwambia kama tunavyosema sisi mafundi:
hiyo ina mwenyewe,
hajaja kuichukua.